Mwisho Ambao Baba Alituficha

Kaka yangu Eliya ni mtu wa kutuma salamu, si mtu wa kutuma mizigo. Kwa hiyo nilipopigiwa simu na ofisi ya basi hapa Tunduma kwamba nina kifurushi kutoka Dar es Salaam, nilijua ama jina limekosewa ama Eliya ana jambo. Nilimwachia jirani vitenge vyangu nikaenda. Nikapewa kiboksi kigumu, kizito kuliko ukubwa wake, kimefungwa kwa nailoni ambayo haijachanwa. Nilipoichana ikatoka harufu ya plastiki mpya na wino, na kabla hata sijaitazama picha ya juu kwa mawazo nilikuwa nimesharudi utotoni, nyumbani kwetu Mlowo, nimekaa kwenye mkeka, goti langu linasukumana na goti la Eliya, baba amechuchumaa mbele ya deki anapuliza vumbi ambalo halipo.

Juu ya boksi lilikuwepo lile gari la maziwa. Jeupe, limebonyea ubavuni, mbwa amechomoza kichwa dirishani.

Ndani Eliya alikuwa ametia kikaratasi. "Angalia meno," ameandika. "Halafu nipigie uniombe radhi."

Sisi tuliokua enzi za deki tunajua habari ya sidii mbili. Picha moja ilikatwa vipande viwili, na utamu ulipofika kooni luninga inageuka bluu, mtu anainuka kwenda kubadilisha huku wengine wanampigia kelele aharakishe. Yetu ilikuwa ya familia moja, baba, mama, mvulana, msichana na mbwa, waliolichukua gari kuukuu la kusambazia maziwa, wakang'oa rafu zake, wakaingia nalo kwenye mashindano ya kuvuka milima na jangwa. Jina lake hatukulijua, maana kasha lilikuwa na maandishi ya Kichina, na chini ya picha yalipita maandishi hayohayo kama siafu. Kiingereza walichozungumza kilikuwa kinapita juu ya vichwa vyetu. Tuliiita Gari la Maziwa, na nadhani nyumba tatu nne za jirani nazo ziliijua kwa jina hilo.

Sasa nimeshika toleo la wakusanyaji, lina namba yake, na lina kijitabu. Kijitabu kinasema ilipotoka huko kwao watu hawakwenda kuitazama, wachambuzi wakaipuuza, ikasahaulika, mpaka majuzi wapenzi wachache wa picha za zamani walipoifufua na kuisafisha. Nilisoma hayo nimesimama palepale ofisi ya basi na nikasikia hasira, eti imesahaulika. Wangekuja Mlowo Jumapili baada ya kanisa, watafute pa kukalia sebuleni kwetu.

Baba alikuwa dereva wa kanta, lori dogo la mizigo. Msimu wa kahawa alikuwa akibeba magunia kutoka Hasamba, msimu wa mahindi akishuka Msangano, na jioni alirudi nyumbani na vumbi la rangi ya mahali alikotoka, hata ukimwangalia nyusi ulijua leo kaenda wapi. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye maneno mengi kuhusu uendeshaji. "Dereva ni mimi," alikuwa akisema, "hao wengine wameshikilia usukani wasianguke." Akitoka upande wa pili wa mpaka alitusalimia "Mulishani!" kwa sauti ya Wabemba, nasi tukiitika ovyo, mradi tu tumeitika.

Picha ile aliinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, na kuitazama kulikuwa na utaratibu wake. Yeye ndiye aliyeshika kasha, ndiye aliyechagua sidii, ndiye aliyeiweka. Halafu alikaa kwenye stuli, si kwenye kochi, kwa sababu kwenye kochi miguu isingefika kwenye pedali. Naam, alikuwa na pedali. Gari la maziwa lilipoanza kupanda mlima, mguu wake wa kushoto ulikandamiza sakafu, mkono ukavuta gia hewani, jasho likamtoka. "Punguza! Punguza, utaliua gari na watoto wa watu!" Walipovuka mstari wa mwisho tuliruka wote, mama naye akiwa mlangoni na mwiko, anacheka. Kisha yule steringi, baba wa familia ile, anambeba mkewe juujuu, mbwa anabweka, wanarudi nyumbani kwao, majina yanaanza kupanda.

"Majina yakipanda, imeisha," baba alisema, na kuzima.

"Na ile nyingine?" Eliya aliuliza siku ya kwanza kabisa.

"Ile mbovu. Inakwamakwama. Ukiiweka inaua deki."

Hapo pakaisha. Sidii ya pili ikabaki chini ya kasha, inang'aa, haina hata mkwaruzo, nasi tukafundishwa kuiogopa kama waya wa umeme uliochubuka.

Mchana mmoja baba na mama walikuwa Hasamba kwa bibi, kuchuma kahawa. Wazo lilikuwa langu. Sitamsingizia Eliya, ingawa yeye alikuwa na miaka kumi na mimi minane na kwa haki yeye ndiye angechapwa. Nilifunga mapazia. Nikaitoa ile mbovu, nikaiweka, nikaziba masikio nikisubiri deki ilipuke.

Haikulipuka. Haikukwama hata mara moja. Tukaona nyumba ileile ya mbao, familia ileile, gari lilelile la maziwa, ila sasa limerudi kuwa safi, lina rafu zake na chupa zimejaa. Steringi alikuwa akigawa maziwa mtaani. Halafu mtu mnene mwenye tai akamwita ofisini, akatoka huko ameinamisha kichwa. Halafu yeye na mkewe wakawa wanagombana jikoni kwa sauti ya chini, na watoto wamejificha nyuma ya mlango wanasikiliza. Halafu akatoa sanduku chini ya kitanda. Msichana akasimama getini. Baba yake akaondoka kwa miguu, hageuki, barabara ndefu, na msichana anabaki, anabaki, anabaki. Luninga ikawa bluu.

Nje kuku walikuwa wakiparura, maisha yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mbona huyu dada hana meno ya mbele?" Eliya akauliza. "Kwenye mbio alikuwa nayo."

"Yameng'oka."

"Yote mawili?"

"Walishinda, wakanunua pipi nyingi. Wewe huoni matajiri wanavyooza meno?"

Akafikiri. "Na mbwa amekuwa mdogo."

"Huyo si yule. Huyo mtoto wake. Mkubwa ameshakufa."

Eliya alikuwa mtoto wa polepole katika kusema, wa kupima maneno, na mimi nilikuwa na jibu la kila kitu, tabia ambayo mume wangu anasema bado ninayo. Alikuna kichwa. "Labda hii ndiyo ya kwanza," akasema. "Labda tunaanzia mwisho."

Nilimcheka mpaka akaona aibu. Yaani baba, dereva, mtu anayejua gari lina tatizo gani kwa kusikiliza tu, asijue sidii ipi ni ya kwanza? Nilimwambia baba hawezi kukosea. Na kwa kuwa baba hawezi kukosea, na sidii haikuwa mbovu, ilibaki sababu moja tu: baba alikuwa anatuficha mwisho.

Hilo ndilo lililonikosesha raha. Nililizungusha kichwani nikichota maji, nikichambua mchele, nikiwa kanisani wenzangu wanaimba. Walikuwa wameshinda. Alikuwa amembeba mkewe wakicheka. Kwa nini basi akaondoka? Ina maana kushinda ndiko kulikoleta ugomvi? Kina baba wakishapata walichokuwa wanakitaka, huchukua sanduku? Na kwa nini baba yangu hataki tulijue hilo? Sikuwa na wa kumuuliza, maana kuuliza ni kukiri kwamba nimeigusa ile sidii. Nikaanza kumchunguza baba. Nilimhesabia vijiko vya sukari, nikaangalia kama amebadilisha. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Basi ikaja siku aliyorudi kutoka Tunduma na honi tangu barabarani. Kanta ilipiga honi mfululizo mpaka mama akatoka na mikono ya unga. Baba akaruka chini kabla gari halijatulia vizuri. "Nimepata semi!" akapiga kelele. "Tajiri amenipa semi! Lubumbashi!"

Kwa yeyote aliyekulia kando ya barabara ile, hapahitaji maelezo. Dereva wa kanta ni dereva wa watu wa karibu, dereva wa semi, lile lori refu la kuvuta tela, ni mtu mwingine kabisa. Mama alipiga vigelegele, majirani wakaja, kuku akakamatwa. Mama alikuwa akiongea haraka haraka kuhusu mabati, jinsi tutakavyoondoa yale yenye kutu juu ya chumba chetu na kuweka mapya, na mara baba akamshika kiunoni akambeba juujuu, mama anampiga mabegani, "Niache, Baba Eliya, watu wanaona!" na watu walikuwa wanaona kweli na kushangilia.

Mimi sikushangilia. Nilikuwa nimeganda kwenye kizingiti. Nilikuwa nimeshaliona jambo hili. Ameshinda, amembeba mkewe, na baada ya hapo najua kinachofuata.

Na kikafuata. Siku chache baadaye sanduku lilikuwa juu ya kitanda.

Baba alituita atuonyeshe nyaraka zake, maana alikuwa mtu wa kujionyesha. Pasi yake mpya, leseni, barua ya tajiri. Mwisho akatoa kikadi cha njano, kimekunjwa, kina muhuri, cha sindano ya homa ya manjano. "Mnaona hiki? Kidogo hivi. Ila bila hiki Nakonde sivuki, hata niwe na semi la dhahabu." Akakichomeka ndani ya Biblia ya mama, juu ya kabati, ili kisipotee.

Sikupanga. Ningependa kusema nilihangaika na dhamiri, lakini mkono ulikwenda wenyewe, mchana, mama akiwa kisimani. Nilikichukua. Halafu nikashindwa nikiweke wapi, kwa sababu mtoto hana mahali pake ndani ya nyumba, kila kona ni ya mtu mzima. Mahali pekee nilipopajua kuwa ni petu palikuwa kasha la Gari la Maziwa. Nikaitoa ile karatasi ya picha ya juu, nikakilaza kikadi nyuma yake, nikairudisha. Ukilishika kasha usingejua.

Nyumba ilipinduliwa. Baba alitoa kila gunia, alikung'uta kila nguo, akamwaga debe la maharage sakafuni na kupitisha vidole. Mama aliipekua Biblia ukurasa kwa ukurasa, kuanzia Mwanzo. Tulisimamishwa ukutani.

"Nani ameona kadi ya baba yenu?"

"Mimi sijaona," alisema Eliya, na kwa kuwa alikuwa anasema kweli, machozi yakamtoka.

"Mimi sijaona," nikasema, na mimi sikutoa hata chozi moja.

Siku ya pili nilimkuta mama nyuma ya jiko, amekaa kwenye kinu, analia bila sauti na upande wa kitenge mdomoni. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akilia pasipokuwa na msiba. Nikaona nimekosea, sijui nimekosea wapi lakini nimekosea, na nikakimbilia ndani kuirudisha kadi. Ningeiangusha nyuma ya kabati, mtu aiokote, ashangilie.

Kasha halikuwepo.

"Mama, Gari la Maziwa iko wapi?"

"Ameichukua mama yako mdogo Tabitha," akasema, akifuta uso. "Alipita asubuhi kunipa pole. Watoto wake wanakaa bure jioni huko Msangano. Na wewe saa hizi ndiyo saa za picha?"

Mama mdogo Tabitha, binamu yake mama, alikuwa mwalimu Msangano. Msangano kwangu ilikuwa mbali kama Lubumbashi. Nikarudi sebuleni, nikakaa kwenye stuli ya baba, miguu haifiki kwenye pedali. Nilikuwa na hofu ya namna ambayo sijaipata tena, hata siku za kujifungua.

Semi akapewa mtu mwingine. Baba alituambia hivyo mezani, kwa sauti ya kawaida, akiwa anamega ugali. Akarudi kwenye kanta yake, Hasamba, Msangano, Hasamba. Jambo ambalo halikuniingia akilini ni kwamba hakununa. Nilimtarajia anune. Asubuhi moja, wiki mbili tatu baadaye, nilimsikia anapiga mluzi akipima oili, nikasema moyoni, masikini, anajikaza kwa ajili yetu. Ile picha haikurudi. Nilipouliza, baba alisema Tabitha amebaki nayo, watoto wake wameipenda, na msinisumbue.

Mama hakusahau. Hakuwa mtu wa kelele, lakini mvua ikinyesha na sufuria zikipangwa chini ya mabati yaliyotoboka, alikuwa akisema, "Ile kadi." Maneno mawili tu. Nilipokosa nafasi ya shule niliyoitaka, "Ile kadi." Bibi alipougua tukakosa usafiri wa usiku, "Ile kadi." Nimekua na maneno hayo. Nimeolewa nayo. Nilipoanza kufanya biashara, kitu cha kwanza kununua kilikuwa mabati ya mama, na alipoyaona alinibariki kwa muda mrefu huku ameweka kiganja kichwani kwangu, nami nilikuwa natamani ardhi ipasuke.

Mama alifariki mwaka uliotangulia kifurushi cha Eliya. Sikumwambia.

Sasa nilisimama pale ofisi ya basi na kijitabu mkononi, na kwa Kiingereza changu cha kuuzia Wazambia nikasoma picha inahusu nini. Mgawa maziwa anafukuzwa kazi. Anaiacha familia yake kwenda kutafuta maisha. Anarudi mikono mitupu, na sanduku lake, binti yake anamkimbilia getini. Pamoja wanalitengeneza gari la zamani. Pamoja wanashinda.

Nilisoma mara ya pili. Nikaenda kwenye picha zilizo katikati: msichana ana pengo, chini imeandikwa mwanzoni. Msichana ana meno yote, chini imeandikwa mwishoni. Meno hayakuwa yameng'oka kwa pipi. Yalikuwa hayajaota. Mbwa hakuwa amekufa. Alikuwa hajakua. Na yule mtu mwenye sanduku, ambaye tulikuwa tunaanza naye kila Jumapili tukidhani anatoka safari ya kawaida kama za baba, alikuwa anarudi. Sanduku lilikuwa lilelile! Nilikuwa nimemwona akirudi mara mia na nikashika kuondoka kwake.

Sikumpigia Eliya. Nilipita dukani, nikafunga, na Jumapili nikaenda Mlowo.

Baba sasa ni mzee wa kukaa. Kanta iliuzwa zamani, magoti yanamuuma, nyumba ina mabati mazuri. Nilimwamkia, nikamwonyesha boksi. Alilishika na mikono yote miwili, akalisogeza mbali na macho ili alione.

"Wewe! Hili gari!"

"Limerudi, baba. Na safari hii ni sidii moja. Haihitaji kubadilisha."

Alivuta stuli, si kochi. Nikaweka. Rangi zilikuwa mpya mpaka nikadhani ni picha nyingine; majani yalikuwa ya kijani, kumbe, sisi tulizoea ya kahawia. Chupa za maziwa, mtaa, msichana mwenye pengo anacheka. Baba alianza kuhamahama kwenye stuli. Mtu mnene mwenye tai alipotokea, akasema, "Peleka mbele. Mbio ziko wapi?"

"Zinakuja."

Sanduku lilipotolewa chini ya kitanda, baba aliinuka. "Ngoja nikaangalie mbuzi."

"Baba, kaa."

"Hapa ndipo pabovu, mama. Hapa panakwama." Ananiita mama tangu utoto, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

"Pabovu wapi, baba? Unaona pamekwama?"

Alibaki amesimama, mkono kwenye fremu ya mlango. "Sikutaka muone," akasema. "Watoto wa dereva. Kila siku naondoka, halafu niwaonyeshe mtu anaondoka namna hii? Nikaona tuanzie anaporudi."

Nikaanza kulia, mimi mwanamke mzima, na nikamwambia. Nilianzia pazia nikaishia Biblia. Nilimwambia nilivyodhani, na nilipokiweka, na jinsi kilivyokwenda Msangano. Maneno yalitoka ovyo, nilikuwa nimeyapanga kwa miaka yote ile na yote yakapangukia hapo.

Baba alirudi kukaa.

"Tabitha aliniletea," akasema.

"Alikuletea nini?"

"Kadi. Nilikwenda kupakia mahindi, akaniita. Watoto wake walichana ile karatasi ya juu, ikaanguka. Haijapita hata wiki. Nikajua ni wewe. Eliya akificha kitu anakwenda kukisimamia."

Wiki moja.

"Tajiri alikuwa bado ananingoja," akaendelea. "Alishaniambia, hata isipoonekana, nenda kachomwe sindano nyingine, upewe kadi nyingine, utaondoka na safari inayofuata. Kadi si kitu, mama. Wewe umekaa Tunduma miaka yote hii, hukujua?"

Nilijua. Nimewaona mamia wakipanga foleni ya sindano ile. Sijui kwa nini sikuwahi kuiunganisha na yetu.

"Kwa hiyo ulibaki kwa ajili yetu," nikasema, na nikahisi kitu kinalegea kifuani, kitamu.

Baba akatikisa kichwa. "Ningependa nikuambie hivyo." Akaangalia miguu yake. "Niliogopa. Walinipandisha semi siku tatu nijifunze. Lile gari ukifunga breki, mkia unakuja kukutafuta. Mikono ilinitetemeka mpaka nikaikalia. Nikarudi hapa napiga honi, kwani ningesema nini, mama yako alishawaambia wenzake kanisani kwamba nakwenda kujaribiwa. Kadi ilipopotea, siku ya kwanza niliitafuta kweli. Siku ya pili niliitafuta huku naomba isionekane. Tabitha aliponiletea, nikaona Mungu ananitania."

"Ukaifanyaje?"

"Niliichoma. Njiani, Hasamba, nikichemsha chai. Nikamwambia Tabitha abaki na picha yenu, anyamaze. Tajiri nikamwambia gari ampe mwingine."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpigia kelele. Mzigo nilioubeba tangu nikiwa na miaka minane haukuwa wangu, na aliyekuwa mwenyewe alikuwa anauona mgongoni kwangu. Au hakuuona? Labda alidhani nimesahau, watoto husahau. Nilikuwa nimpe pole au nimdai pole? Nilimshukuru kimoyomoyo kwa Jumapili zote zile alizokuwepo, kisha nikakumbuka sufuria chini ya mabati, nikashindwa kuendelea kushukuru. Sikuelewa, na hata leo ninapoandika sijaelewa vizuri.

"Na mama?" nikauliza. "Ulimwambia?"

"Nilidhani siku moja utamwambia wewe. Kwamba ulikuwa mtoto, uliificha. Angecheka." Akanitazama. "Hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Basi na mimi."

Pembeni yetu msichana mwenye pengo alikuwa bado getini. Tulikaa hivyo, wezi wawili wa kadi moja, na tuliyemwibia hayupo. Kisha yule mtu akatokea mbali barabarani na sanduku lake, binti akaanza kukimbia, na baada ya hapo gari la maziwa likaanza kupanda mlima. Baba alilitazama mpaka majina yakapanda. Miguu yake haikukanyaga kitu.